Uliza Mzee wa Viwanjani: Huyu Lewis wa Harvard alikuwa kocha kweli?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimesikia kwamba Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na kocha mweusi wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kushika mpira kwa mikono, tangu karne ya 19, William Henry Lewis. Lakini kwenye orodha ya makocha wakuu wa chuo hicho simwoni. Alikuwa kocha kweli au ni sifa za kupamba tu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alikuwa kocha, tena kuanzia 1895 hadi 1906. Humwoni kwa sababu hakushika ukocha mkuu. Kazi yake ilikuwa kuwanoa watu wa safu ya mbele. Makocha wakuu walikuja wakaondoka, kina Cameron Forbes na Bill Reid, yeye akabaki pale pale.

Lewis mwenyewe alicheza senta, mtu wa katikati ya safu ya mbele anayeanzisha mchezo; nami nilicheza hapo, kwa hiyo nivumilie nikikaa hapa kidogo. Senta anainama juu ya mpira, macho chini, mikono imeshughulika kuurudisha nyuma kati ya miguu. Sekunde hiyo hana mkono wa kujikinga, na mtu aliye mbele yake anaisubiri sekunde hiyo hiyo. Siku za Lewis ilikuwa mbaya zaidi: ile nafasi wazi inayotenganisha safu za timu mbili, yenye upana wa urefu wa mpira, iliingia kwenye sheria mwaka 1906. Kabla ya hapo watu walikaribiana hadi unasikia pumzi ya mwenzako. Lewis alisimama hapo akiwa na ratili 175, kama kilo 79 hivi. Mwili mdogo kwa senta. Basi alitegemea wepesi na akili, na mtu wa namna hiyo ndiye anayeweza kumfundisha mwingine, maana kila hatua aliifikiria kabla ya kuipiga.

Alizaliwa Virginia mwaka 1868, mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa. Alisoma chuo cha Amherst, akawa nahodha wa timu, kisha akaenda Harvard kusomea sheria. Enzi hizo mwanafunzi wa sheria aliruhusiwa kuendelea kucheza. Alikuwamo msimu wa 1892, Harvard walipowashtua wapinzani wao wa chuo cha Yale kwa mtindo wa kabari, wachezaji wakija mbio kutoka pande mbili na kuungana kama ncha ya mkuki. (Yale walishinda hata hivyo, 6-0.) Mwaka huo na 1893 alichaguliwa kwenye kikosi bora cha Marekani nzima, mtu mweusi wa kwanza kufika hapo. Mwaka 1896, akiwa tayari kocha, alitoa kitabu cha kufundishia mchezo.

Usidhani sifa za uwanjani zilimfungulia kila mlango. Kinyozi mmoja wa Cambridge, mji wenyewe wa Harvard, alikataa kumhudumia kwa sababu ya rangi yake. Lewis alilipeleka suala hilo kwa watunga sheria wa Massachusetts, na sheria ya kupinga ubaguzi ikapanuliwa iguse vinyozi pia.

Uanasheria ndio ulikuwa kazi yake kuu, futiboli ilikuwa ya msimu wa vuli. Mwaka 1911 Rais Taft alimteua kuwa msaidizi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani, cheo ambacho hakuna mtu mweusi aliyewahi kukifikia kabla yake. Mwaka uliofuata, wakubwa wa chama cha mawakili walipogundua kuwa mwanachama wao mpya ni mweusi walitaka ajiuzulu. Alikataa. Hapo ndipo ninapomwona tena yule senta: ameinama, hasogei.

Alifariki mwaka 1949. Jumba la Watu Mashuhuri la futiboli ya vyuo lilimwingiza 2009, kama mchezaji. Ningekuwa na kura, ningemwingiza kama kocha pia.