Usimwite fundi kabla hujaangalia watu wanapita wapi

Juzi dada mmoja kaona picha za bustani yangu, kanitumia meseji, "kaka naomba namba ya fundi aliyekutengenezea hiyo njia". Dada yangu, fundi hakuna, ni mimi na mdogo wangu na sururu. Fundi alikuwepo kabla, na ndo kisa chenyewe.

Nimejenga Goba, kwenye mteremko. 2021 nikapata hela kidogo nikaita fundi aniwekee njia toka getini, ipite upande wa jikoni mpaka barazani. Akavuta kamba, akamwaga zege limenyooka kama barabara. Siku ya kwanza ilipendeza kweli. Wiki mbili baadaye nagundua hakuna anayeipita! Mama akitoka jikoni kwenda bombani na ndoo yake anakatiza kwenye ukoka, watoto wakirudi shule wanazunguka mwembe, mi mwenyewe hivyohivyo. Ukoka ukafa pale walipopita, ukabaki mstari wa vumbi upana wa ndala mbili, umejipinda kuukwepa mzizi wa mwembe, na zege langu lipo pembeni safi halina hata alama ya tope. Yakaja masika, maji yakashuka na lile zege kama mfereji mpaka barazani, yakaingia sebuleni, kapeti likaloa lote. Fundi napiga simu hapokei. Ile hela inaniuma mpaka leo, sifichi.

Ila ule mstari wa vumbi ndo ulinifungua macho. Nikavunja zege lote, nikachukua mpira wa kumwagilia nikaulaza juu ya ule mstari, nikauacha siku tatu, kila mama akiukanyaga nausogeza kidogo, mpaka akawa haugusi. Hapo ndo nikachimba, kina sentimita 10, upana 90, tukashindilia, juu kokoto unene wa sentimita 5. Kwa mita 10 haifiki hata nusu ya mita moja ya ujazo, kwa hiyo usikubali kuuziwa tripu nzima. Chukua zile za kupasuliwa kama za Lugoba, zina kona zinashikana, za mtoni za duara zinateleza chini ya mguu. Vipande vya zege nikavilaza katikati viwe vya kukanyagia. Wengi wanaweka sentimita 60 toka katikati ya jiwe moja hadi lingine, mi nilimpima mama, hatua zake fupi, tukaishia 50. Na kila mita moja nikainamisha sentimita 2 upande wa migomba, sasa maji yanainywesha migomba.

Jamani tuache kuiga. Jirani kaweka pevingi na wewe unakopa uweke pevingi, nyumbani kwako umeshakaa ukaangalia mzazi wako anapita wapi? Watu wanatumia hela nyingi kwa ajili ya mgeni wa siku moja, anayeishi humo ndani anakanyaga tope. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limenikuta.

Kwa hiyo dada, namba sina ya kukupa. Subiri mwezi mmoja usifanye chochote, angalia nyasi zinakufa wapi. Kama huna mpira mwaga majivu uchore nayo mstari. Mama yangu sasa hivi anaenda bombani saa 11 alfajiri bila tochi, nikiwa kitandani nasikia kokoto zinavyolia chini ya ndala zake, anaenda, anarudi.