Mbayuwayu siyo dalili ya kwanza

Uliniuliza kama mbayuwayu ndiye dalili ya kwanza ya majira ya kuchipua, yaani baridi inapoisha. Hapana, ukimsubiri utakuwa umechelewa. Huku Uingereza wengi wao hufika Aprili, na wakati huo majira ya kuchipua yameshaanza zamani. Kinachotangulia ni snowdrop, vijiua vyeupe vinavyoinamisha kichwa, vinatoka ardhini Januari na Februari hata theluji ikiwepo. Karibu wakati huohuo mti wa hazeli, ukiwa bado hauna hata jani moja, unaning'iniza vishada vya manjano kama hereni. Utikise tawi uone vumbi la chavua linavyoruka. Nina mmoja nyuma ya nyumba hapa Leicester na ndio naoutazama kila mwaka, maana maua ya bustanini watu huyapanda, yanaweza kukudanganya.

Ila usiamini tarehe sana. Baridi ikiwa nyepesi vyote huwahi, na kaskazini kule Scotland huchelewa.

Na kuhusu ulichosema, kwamba mbayuwayu wa huku ndio haohao tunaowaona nyumbani Tanga: ni aina ileile, lakini wa Uingereza wengi huvuka hadi Afrika Kusini. Hilo limejulikana tangu 1912, pale mmoja aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire, Uingereza, mwaka 1911 alipokamatwa Natal, Afrika Kusini. Mimi bado nikimwona wa kwanza kwenye waya wa umeme moyo unaruka, naona kama mgeni kutoka kwetu.