Si Kila Kadi ya Zamani Ina Thamani

Karibu kila anayeanza kazi, kama ninyi leo, katika duka letu la kadi za besiboli, yaani kadi ndogo zenye picha za wachezaji, hapa Ohio, Marekani, huja akiamini kwamba kadi hupanda bei kwa sababu tu imezeeka. Hata mimi nilikuja na imani hiyo, tena nikiwa nimekulia Tanga ambako mchezo wenyewe hatukuujua, na ilinitoka siku mzee mmoja alipobeba maboksi manne yaliyojaa kadi za miaka ya 1988 hadi 1991, safi kana kwamba zimetoka kiwandani jana, akitumaini kuwasomeshea wajukuu. Bosi wangu alimweleza kwa upole kwamba zote kwa pamoja hazifiki bei ya tangi moja la petroli. Miaka ile watu walikwisha kusikia kwamba kadi za kale ni mali, kwa hiyo kampuni zilichapa kupita kiasi na kila mnunuzi akazihifadhi. Kitu kilichohifadhiwa na kila mtu hakiadimiki.

Linganisheni na kadi namba 311 ya mchezaji Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952. Ilikuwa katika fungu la mwisho la mwaka huo, lililofika madukani msimu ukielekea ukingoni na hamu ya watoto imekwisha, na masalia yake yalikaa ghalani hadi mwaka 1960, ambapo Sy Berger, aliyebuni kadi hizo, kwa maelezo yake mwenyewe aliyapakia kwenye tishari na kuyamwaga katika Bahari ya Atlantiki. Zilizokwisha kununuliwa zilifungwa kwa mipira ya kufungia, zikachomekwa kwenye spoki za baiskeli, au zikatupwa na akina mama waliokuwa wakisafisha vyumba. Ndiyo maana moja iliyosalimika ikiwa karibu kamilifu, ambayo mmiliki wake aliinunua kwa dola 50,000 mwaka 1991, iliuzwa mnadani mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 19 na nusu kwa mwaka, lakini msilichukue kuwa kipimo cha biashara nzima, kwa kuwa nakala ya kadi hiyohiyo yenye mikunjo na pembe zilizolika huishia kwenye makumi ya maelfu. Tena hiyo si kadi ya kwanza ya Mantle: ya kwanza ni ya kampuni ya Bowman ya mwaka 1951, nayo ni ya bei ya chini zaidi. Wanunuzi wana mapenzi yao, na mapenzi hayo nayo ni sehemu ya bei.

Hali ya kadi hupimwa na kampuni maalumu kwa daraja za 1 hadi 10, na katika kadi za kale hatua moja ya juu, tuseme kutoka 8 hadi 9, inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Hapo ndipo tamaa huingia. Kadi ya mchezaji Honus Wagner, iliyotiwa katika pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, inajulikana kubaki nakala zipatazo 60 tu. Iliyo mashuhuri kuliko zote ilipewa daraja la 8 na kuuzwa kwa dola milioni 2.8 mwaka 2007, kisha mwaka 2013 mfanyabiashara aliyewahi kuimiliki akakiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo kwa kuikata, ili zionekane mpya.

Mimi nililipia somo hilo dola 600 za duka. Kadi ilikuwa ya mwaka 1953, pembe zake kali kama wembe, na furaha ikanizuia kuuliza imewezaje kukaa hivyo kwa miaka zaidi ya 60. Ilirudi kutoka kwa wapimaji bila daraja lolote. Nilipoilaza juu ya kadi ya kawaida ya toleo lilelile niliiona pungufu kwa karibu milimita moja, na nilipoiinamisha chini ya taa, ukingo mmoja ulikuwa mweupe na laini ilhali mingine mitatu ilikuwa imefifia kwa rangi ya chai.

Kuhusu bei, andikeni zile ambazo kadi ziliuzwa kweli, si zile ambazo wenye kadi wanaomba, na mkumbuke kwamba ada za mnada huweza kufika sehemu ya tano ya bei. Waliokimbilia kununua mwaka 2020 na mwanzoni mwa 2021, wakati kadi zilifurika kwa wapimaji hadi PSA, mojawapo ya kampuni za upimaji, ikasimamisha kupokea nyingi kati yake, wengi wao waliona bei zikishuka mwaka uliofuata.

Kwa hiyo wiki zenu mbili za kwanza hamtapewa kadi ya gharama. Mtapewa boksi la kadi za dola moja moja, lenzi, rula na taa, nanyi mtaandika kasoro za kila kadi kabla ya kuangalia jina la mchezaji.