Bastola ya kujikinga na dubu Alaska: kaliba, aina ya risasi na yanayokwamisha

Mkuu uliyeuliza: unahamia rasi ya Kenai kwa kazi ya kupima ardhi, una Glock (bastola ya magazini) ya 9mm, na muuza duka anakusukumia rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .500 S&W. Jibu la haraka ni hili. Hiyo .500 iache. Ukiwa na pesa chukua 10mm Auto au .44 Magnum (namba hizi ni kaliba, yaani upana wa risasi: zenye mm ni milimita, zenye nukta ni sehemu za inchi). Ukikosa, 9mm yako inafaa ukiibadilishia risasi. Na bastola yoyote utakayobeba, chupa ya pilipili ya dubu (dawa ya kumnyunyizia dubu usoni) ikae kiunoni kwanza.

Watu wanabishana kuhusu namba za kaliba wakati kinachoamua ni kupenya. Kinachomzima dubu papo hapo ni ubongo au uti wa mgongo. Ukimpiga moyoni atakufa, lakini bado anazo sekunde za kukufikia. Dubu huweza kukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa, yaani mita 30 anazimaliza kwa sekunde mbili hivi. Kwa hiyo unahitaji risasi itakayopita manyoya, mafuta, misuli ya bega na mfupa, ikiwa bado imenyooka.

Hapo ndipo risasi za kujilinda na binadamu, zile zenye tundu kwenye ncha, zinapokosea. Zimeundwa zifunguke na kusimama ndani ya sentimita 30 hadi 45. Kwa mtu ni sawa. Kwa dubu dume wa pwani, ambaye huweza kupita kilo 400, zinaishia kwenye nyama ya bega. Unachotaka ni kichwa cha risasi kilichosubuliwa kwa madini ya risasi yaliyokazwa kwa bati na antimoni, kisicho na koti (gamba la shaba la nje), chenye ncha bapa na pana. Kwenye boksi utaona imeandikwa Hard Cast. Ncha bapa huenda moja kwa moja. Ncha ya mviringo ni rahisi kupinda njia ikigonga mfupa. Wawindaji wa nyati kule Tanzania wanatumia risasi ngumu zisizofunguka kwa sababu hiyohiyo.

Ushahidi kwamba aina ya risasi inaweza kuipita kaliba upo. Mwaka 2016 mwongozaji wa uwindaji wa Alaska, Phil Shoemaker, alimuua dubu wa kahawia aliyewashambulia yeye na wageni wake kwa bastola ya 9mm yenye risasi ngumu za greni 147 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi). Lakini ni mtu aliyeishi na dubu miaka mingi na hakutetemeka. Usilichukue tukio hilo kama kipimo chako.

Sasa kaliba zenyewe, kwa nguvu za mdomo wa mtutu, yaani nguvu ya risasi inapotoka kwenye bastola. 9mm ina jouli kama 500. .357 Magnum yenye greni 180 inafika 900 hivi, ila mtutu ukiwa mfupi inashuka. 10mm yenye greni 200 au 220 iko karibu na 950. .44 Magnum ya greni 300 inafika 1,500. .454 Casull ni 2,400 na .500 inapita 3,300. Ukisoma hapo tu utaona muuza duka ana hoja. Tatizo ni risasi ya pili. Teke la .500 linaipeleka bastola juu ya kichwa chako, na ukiirudisha chini dubu ameshafika. Kipimo ninachokiamini ni hiki: weka sahani ya karatasi umbali wa mita saba, chomoa kutoka kwenye holsta (mfuko wa bastola), piga risasi tatu. Kama risasi ya kwanza inachukua zaidi ya sekunde mbili, au zote tatu haziingii kwenye sahani ndani ya sekunde nne, kaliba hiyo ni kubwa mno kwa mkono wako. Teremka ngazi moja. Wengi wanatua kwenye 10mm, na wenye mazoezi ya kutosha kwenye .44. Kikosi cha Sirius cha Denmark, kinachopiga doria na mbwa kaskazini-mashariki mwa Greenland penye dubu wa barafuni, kinabeba Glock 20 ya 10mm. Magazini yake inachukua risasi 15, rivolva ya .44 kwa kawaida sita.

Kila upande una ugonjwa wake. Rivolva nyepesi za .44, zile za gramu 700 na kitu, zina teke kali kiasi kwamba vichwa vya risasi ambazo hazijapigwa vinavutika kutoka kwenye maganda. Kichwa kikichomoza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena, na hapo huna bastola. Pima kabla ya kwenda porini: jaza sita, piga tano, toa ya sita uilinganishe urefu na mpya kutoka kwenye boksi. Ikiwa imerefuka hata kidogo, risasi hizo hazifai kwa bastola hiyo. Tafuta zenye ganda lililobanwa zaidi, au chukua rivolva ya chuma yenye kilo moja na robo.

Bastola ya magazini nayo haipendi kusukumwa. Dubu akikulalia na mdomo wa mtutu ukagusa mwili wake, slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) inarudi nyuma milimita chache na bastola inakataa kufyatua. Rivolva inafyatua hata ikiwa imegandamizwa kwenye manyoya. Halafu kuna mtutu wa Glock, ambao mifereji yake ya ndani inayozungusha risasi ni ya mviringo. Madini ya risasi hujikusanya humo, mtutu unabana na shinikizo linapanda. Ukitaka kupiga nyingi za kusubuliwa, weka mtutu wa kampuni nyingine wenye mifereji ya kawaida. La sivyo fanya mazoezi kwa risasi zenye koti, na hizo ngumu uzitumie kuhakikisha tu kwamba zinaingia bila kukwama. Magazini mbili nzima zipite bila kosa kabla ya kuziamini.

Holsta iwe ya kifuani. Mkanda wa begi la mgongoni na koti la mvua vinaifunika ile ya kiunoni, na begi ndilo utakalokuwa nalo siku nzima. Jaribu kuchomoa kwa mkono wa kushoto pia, na ukiwa umelala chali.

Akija mbio, kichwa huwa chini. Lenga usawa wa pua, chini ya mstari wa macho, kwa kuwa paji limelala na ubongo uko nyuma. Akiwa ubavu, vunja bega. Endelea kupiga mpaka aache kukujia.

Pilipili nimeitanguliza kwa sababu ya takwimu. Utafiti wa Tom Smith, Stephen Herrero na wenzao uliochapishwa mwaka 2008 uliangalia matukio 83 ya Alaska: pilipili ilizuia dubu wa kahawia kwa asilimia 92, na asilimia 98 ya waliokuwa nayo hawakuumia. Haihitaji shabaha kali. Inyunyize akiwa mita tisa hivi, elekeza chini kidogo ya uso wake ili aingie ndani ya wingu. Upepo ukikugeukia, au akikufikia, ndipo bastola inapopata kazi yake.

Usipitishe bastola kwa gari kupitia Kanada kwenda Alaska. Mpakani wataitaifisha na utapata kesi. Isafirishe kwa ndege ndani ya mzigo wa chini, kwenye sanduku gumu lililofungwa, bila risasi ndani, na uitangaze kaunta. Chupa ya pilipili haipandi ndege kabisa, inunue ukifika. Kama una viza ya muda na si green card (kibali cha ukaazi wa kudumu), sheria ya Marekani kwa kawaida inakukataza kumiliki silaha, isipokuwa kwa misamaha kama leseni ya uwindaji. Muulize mwanasheria kabla hujagusa bastola.

Ukimuua dubu kwa kujitetea, Alaska inakutaka utoe taarifa mara moja kwa idara ya wanyamapori, uchune ngozi ikiwa na makucha, ukate fuvu, uvikabidhi vyote viwili kwa serikali, na ujaze ripoti ya maandishi ndani ya siku 15. Wakikuta alivutwa na chakula au takataka mlizoziacha kambini, utetezi wako hautakubalika.