Kwa nini mvua ya mpaka wa hewa baridi hukatika vipande

Umeuliza kwa nini mstari wa mvua kwenye rada, pale hewa baridi inapoisukuma ya joto, huanza umenyooka kisha hukatika vipande. Wengi husema ni hewa ya joto kupanda juu. Ni kweli, lakini mimi naona kiini chake ni upepo. Mbele ya mpaka, upepo huvuma kwa kasi ukiufuata mstari wenyewe. Ukivuka kilomita moja hivi nyuma yake, umeshageuka na kupungua. Tofauti hiyo yote imebanwa kwenye ukanda mwembamba mno, na ukanda wa namna hiyo hautulii. Kijipindo kidogo hukua, kikajikunja, kikawa mzunguko, kama maji ya mito miwili yenye kasi tofauti yanapokutana. Kinadharia, nafasi kati ya mizunguko huwa takriban mara 7 hadi 8 ya upana wa ukanda. Hapo mvua hukazana kwenye vipande vilivyolala mshazari, na kati yake panabaki mapengo yenye mvua kidogo. Chunga sana ncha za vipande hivyo: wakati mwingine tonado (nguzo ya upepo unaozunguka kwa nguvu) ya muda mfupi huzaliwa papo hapo.