Maswali ya Wasomaji: Michezo ya Maneno katika Marudio ya Somo la Uchumi

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa uchumi katika shule ya sekondari. Mitihani inapokaribia huwapa wanafunzi wangu michezo ya maneno, hasa fumbo la maneno la visanduku na kadi za kuoanisha istilahi na maana zake. Wanaifurahia na huimaliza upesi, lakini wakipewa swali la kueleza wanakwama. Je, niiache michezo hii na kuwarudisha kwenye kusoma madaftari?

JIBU: Usiiache, Mwalimu, ila ibadilishe. Michezo miwili uliyoitaja humpa mwanafunzi sehemu kubwa ya jibu kabla hajafikiri. Kwenye kadi za kuoanisha, maana imekwisha kuandikwa na kazi iliyobaki ni kuitambua. Kwenye fumbo, idadi ya visanduku na herufi zilizokwisha kujazwa humwongoza hadi kwenye neno. Swali la kueleza halimpi msaada huo, kwa kuwa linamtaka aitoe maana kichwani mwake na kuiunganisha na dhana nyingine.

Kusoma madaftari pekee hakutaliondoa tatizo hilo. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi waliisoma matini na kuirudia, na wengine waliisoma kisha wakaandika walichokikumbuka bila kuitazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki 1, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliofanya vizuri zaidi. Kwa hiyo, ninapoupima mchezo wowote wa marudio, huuliza kwanza kama unamlazimisha mchezaji kukumbuka na kueleza.

Mchezo ninaoupendekeza kuliko yote ni ule wa maneno yaliyokatazwa. Kila kadi ina dhana moja juu na maneno manne au matano chini yake ambayo mwelezaji haruhusiwi kuyatamka, na wenzake wanapaswa kuibaini dhana kutokana na maelezo yake. Chukua kadi ya gharama ya fursa, ukataze gharama, fursa, kuchagua na kupoteza. Mwanafunzi aliyeikariri fasili atanyamaza, kwa sababu umemwondolea maneno yote aliyoyategemea. Aliyeielewa atasema kwamba ni thamani ya kile kilicho bora zaidi miongoni mwa vile ulivyoviweka kando ili ukipate hiki ulicho nacho. Sikiliza kwa makini kama amesema kimoja kilicho bora zaidi au vyote kwa jumla, kwa maana wanafunzi wengi huvijumlisha vyote, na kosa hilo halionekani kamwe kwenye kadi za kuoanisha.

Majibu ya kubahatisha nayo yana faida. Mwelezaji akiwa na kadi ya uhaba, akasema kwamba bidhaa hazitoshi sokoni, kundi linaweza kujibu kuwa ni upungufu, na kundi litakuwa na haki. Simamisha mchezo hapo hapo. Upungufu hutokea pale bei inapokuwa chini ya bei ya msawazo, yaani bei ambayo kiasi wanachotaka wanunuzi kinalingana na kile wanachotoa wauzaji, na unaweza kuisha bei ikiachwa ipande. Uhaba upo daima, kwa kuwa matakwa ya binadamu huzidi rasilimali zilizopo hata katika nchi tajiri. Dakika mbili za mjadala wa namna hiyo zina thamani kubwa kuliko alama zinazogombewa, na ningeomba usizipuuze kwa ajili ya kuwahi kadi inayofuata.

Mchezo wa pili ni mnyororo wa sababu na matokeo. Unatamka tukio, kwa mfano kwamba kodi inayotozwa kwa wazalishaji wa bidhaa fulani imeongezwa, na kila mwanafunzi anaongeza hatua moja tu. Wa kwanza atasema kwamba ugavi umepungua, na wa pili kwamba bei imepanda. Mtego uko kwa wa tatu, ambaye mara nyingi husema kwamba mahitaji yamepungua, kisha wa nne anahitimisha kuwa bei itashuka tena, na darasa zima linajikuta limerudi lilikoanzia. Kilichopungua ni kiasi kinachohitajiwa, yaani wanunuzi wamesogea kwenye mkunjo uleule wa mahitaji (mstari wa mchoro unaoonyesha kiasi wanachotaka wanunuzi katika kila bei), na mkunjo wenyewe haujahama. Sijaona njia inayoifichua tofauti hiyo kwa uwazi kuliko mnyororo unaokatika mbele ya wote.

Fumbo la visanduku libaki kwa kazi ndogo ya kuzoea istilahi, na afadhali wanafunzi wenyewe watunge vidokezo vyake. Michoro na hesabu vinahitaji karatasi na kalamu, ingawa kadi inaweza kuzifungulia mlango: iandikwe kwamba bei imepanda kwa asilimia 10 na kiasi kinachohitajiwa kimepungua kwa asilimia 5, na mwanafunzi aeleze kwa nini mapato ya muuzaji yameongezeka licha ya kuuza kidogo.

Usisubiri msimu wa mitihani. Tenga dakika 10 au 15 mwanzoni mwa baadhi ya vipindi, uchanganye kadi za mada ya sasa na za miezi iliyopita, na makundi yasizidi watu wanne ili wenye haya wasijifiche nyuma ya wepesi wa kusema. Alama zitolewe kwa maelezo sahihi, wala si kwa kasi.

SWALI: Ninajisomea uchumi peke yangu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Je, michezo hii inanifaa?

JIBU: Inakufaa sana, ndugu msomaji. Tengeneza kadi zako, ujikataze maneno yaliyomo katika fasili ya kitabu, kisha uandike maelezo yako kabla ya kufungua kitabu na kulinganisha. Ukiwa na kadi mbili za dhana zinazokaribiana, kama vile bidhaa mbadala na bidhaa zinazotumika pamoja, andika bei ya moja inapopanda mahitaji ya nyingine yanaelekea wapi na kwa nini. Kadi uliyoikosea irudishe kati ya zile utakazozijibu kesho, na uliyoipatia uiweke hadi wiki ijayo.