Nati ikigoma kwa vidole, weka spana chini

Jumanne nilimkuta kijana wetu mmoja ameiinamia fremu ya pikipiki ya BSA, spana mkononi, mishipa ya shingo imemtoka. Nati ya bolti ya kushikia injini ilikuwa imeingia raundi mbili na nusu, ikagoma. "Kutu tu hii, kaka, itakubali." Haikuwa kutu. Bolti ilikuwa Cycle, nati ilikuwa UNF, mifumo miwili tofauti ya nyuzi (ile michirizi ya bolti), na yeye alikuwa anasaga nyuzi zilizodumu tangu kabla baba yake hajazaliwa.

Ni wa tatu mwaka huu. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaofika kwenye karakana za pikipiki za zamani hapa Birmingham na mikono ya gereji za nyumbani, mikono iliyozoea kwamba ukiwa na spana za milimita kumi, kumi na mbili na kumi na nne, Toyota nusu nzima umeshaifungua. Mikono hiyo naipenda. Hapa itawaponza.

1. Mwaka wa pikipiki haukwambii nyuzi zake. Mifumo ya nyuzi ni mingi: Whitworth ni ya 1841, Cycle ililetwa 1902 kwa ajili ya baiskeli, BSF ikaja 1908, na UNF ni makubaliano ya Uingereza, Marekani na Kanada baada ya vita vya pili. Viwanda havikuhama kwa siku moja. Vilibadilisha kipande kwa kipande kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, huku mashine za zamani zikiendelea kukata nyuzi zilezile. Ndiyo maana Norton Commando, iliyotoka 1967, imebeba injini ya ukoo wa miaka ya 1940, na nati mbili zinazopakana zinaweza zisijuane kabisa. Juu yake ongeza miaka hamsini ya wenye pikipiki, kila mmoja na kopo lake la bolti.

2. Namba kwenye spana ya Whitworth ni unene wa bolti, si upana wa mdomo. Spana ya robo inchi mdomo wake ni kama milimita 13.3. Kumi na tatu haiingii, kumi na nne inazunguka na kula kona za nati. Nunua seti ya Whitworth kabla hujanunua simu mpya.

3. Geji ya nyuzi, ile yenye meno ya kulinganisha na bolti, ikae mfukoni, si kabatini. Bolti ya 3/8 inaweza kuwa na nyuzi 16 kwa inchi (Whitworth), 20 (BSF), 24 (UNF) au 26 (Cycle), na kwa macho matupu hizo mbili za mwisho ni mapacha. Ya robo inchi ndiyo mbaya zaidi: BSF na Cycle zote zina 26, ila moja imekatwa kwa digrii 55 na nyingine 60. Inamisha geji kwenye mwanga, tafuta upenyo kati ya meno na nyuzi.

4. Stadi, yaani bolti isiyo na kichwa, yenye nyuzi pande zote mbili. Hapa nikae kidogo, maana hili sijawahi kulisema mbele yenu.

Mwaka wangu wa pili nilipewa Triumph ya miaka ya 1950, mali ya mzee aliyerithi kwa marehemu kaka yake. Stadi moja ya kabureta ilikuwa imepotea. Stadi ile ina nyuzi mbili tofauti: upande unaoingia kwenye alumini ya silinda hedi ni 5/16 Whitworth, nyuzi 18, upande wa nati ni Cycle, nyuzi 26. Mimi nilikuwa na M8, ya kimetriki, mkononi. Unene karibu sawa, milimita 7.94 kwa 8. Ilikuwa Ijumaa jioni. Nikaingiza, raundi mbili, ikakaza. Nikafunga nati mbili zibanane, nikatia spana. Ikakaza zaidi, halafu ghafla ikalainika, na nakumbuka vizuri kabisa kwamba nilifurahi. Ule ulaini ulikuwa alumini inakatika.

Stadi ilicheza. Nilijua. Nikapaka gundi ya gasketi, nikafunga kabureta, nikaosha mikono, nikaenda nyumbani. Hakuna aliyeniuliza, nami sikusema.

Mzee alikuja Jumatatu, akaiwasha kwa kiki ya pili, akacheka kama mtoto. Haikumfikisha mbali. Kabureta ilikuwa inavuta hewa pembeni, mchanganyiko ukawa mkavu, hewa nyingi petroli kidogo, injini ikachemka na pistoni ikakwama ndani ya silinda barabarani. Ashukuriwe Mungu aliwahi klachi. Tulipoifungua, plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Fundi mkuu aliishika stadi kwa vidole viwili, ikatoka bila kuzungushwa, akanitazama. Nililia mbele ya watu wazima. Kilichonichoma si pistoni, pistoni inanunuliwa. Ni kwamba lile tundu lilikuwa zima kwa zaidi ya miaka hamsini mpaka nilipofika mimi, na kwamba nilimwacha mzee wa watu apande kitu nilichojua ni kibovu. Tulitoboa, tukatia kiota cha waya (koili inayolipa tundu nyuzi mpya) cha 5/16 Whitworth, tukachonga silinda, pistoni ya saizi ya juu. Mzee niliambiwa nimweleze mwenyewe. Nilimweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama sasa naijua tofauti.

5. Skrubu ndogo za umeme wa Lucas mara nyingi ni BA, mfumo mwingine wa Kiingereza wa skrubu ndogo, si M5 ya kimetriki.

6. Usipitishe tepu mpya (chombo cha kukatia nyuzi ndani ya tundu) kwenye tundu la zamani "kusafisha". Chukua bolti sahihi iliyochakaa, ikate mfereji kwa msumeno, pitisha hiyo.

7. Mikebe ya bolti. Kuna mtu ametia M8 kwenye mkebe wa 5/16, na sitaki kujua ni nani. Jumamosi namwaga yote mezani, kila mtu aje na geji yake. Kijana wa Jumanne ataanza. Ile stadi ya Triumph bado ninayo, na ndiyo nitakayompa apime kwanza.